Chama cha Wasomaji Kama Mchapishaji: Bunilizi za Kisayansi na Lugha za Nchi ya Chai

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna chama cha wasomaji kinavyoweza kuwa mchapishaji, na maana ya jambo hilo kwa lugha za Kericho na Bomet.

Mfano ulio wazi unatoka Marekani. Chama cha wapenzi wa bunilizi za kisayansi cha New England, kijulikanacho kwa ufupi kama NESFA, kiliasisiwa mwaka 1967 katika eneo la Boston. Chama hicho huandaa mkutano wa kila mwaka uitwao Boskone, na huchapisha vitabu kwa kazi ya kujitolea ya wanachama wake. Baadhi ya vitabu hivyo huzihifadhi kazi za waandishi waliokwisha kufariki. Mwaka 1993 kilitoa hadithi fupi za kisayansi za Cordwainer Smith katika juzuu moja, na mwaka 1997 kikafanya vivyo hivyo kwa C. M. Kornbluth. Mchapishaji wa biashara huuliza nakala ngapi zitauzwa. Chama huuliza kitabu gani hakistahili kupotea.

Nchini Kenya swali la kwanza ndilo litawalalo, kwa kuwa soko la vitabu hutegemea zaidi shule. Hata hivyo, utanzu huu si mgeni katika Kiswahili. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), mhusika mkuu hurushwa angani akafika katika ulimwengu mwingine. Kadhalika, kundi la waandishi la Jalada lilitoa mwaka 2015 toleo zima kuhusu Afrika ya wakati ujao. Mwaka 2016 likatoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika lugha zaidi ya 30, zikiwemo Kinandi na Kimarakwet, ambazo ni jamaa za Kikipsigis.

Kikipsigis chenyewe si kigeni kwa uchapishaji mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu, alihariri jarida la Ngalek ap Kipsigis.

Yaweza kuulizwa: mchuma chai ana haja gani na bunilizi za kisayansi? Jibu limo mashambani. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto huko Kericho, kwa sababu zilichukua nafasi ya mikono ya watu. Mashine inayomwondolea binadamu kazi ni mada kongwe ya utanzu huu. Jamii isiyo na hadithi za kulitafakari jambo hilo kwa lugha yake hulijadili kwa lugha ya mwenye mashine.

Ni kweli kwamba wanachama wa Boston wana soko kubwa la Kiingereza, na kwamba wenye kujitolea huchoka. Lakini chama hakihitaji kuanza na vitabu. Chaweza kuanza na wasomaji wachache wanaokutana, wanaosahihishana tahajia na kuchangia gharama ya kijitabu kimoja. Hapo idara za lugha zina wajibu wao: kutoa wahariri, na kuzihifadhi nakala.