"Mama, Vita Vitafika na Kwetu?"

Siku moja mama mmoja alituletea zahanati mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Tulipima damu, mkojo na choo; hatukuona ugonjwa. Tulipomuuliza taratibu huota nini usiku, alijibu, "Naota nyumba zinaungua." Mama alishangaa, maana kila taarifa ya habari ilipoanza alimwambia akalale. Kumbe mtoto alikuwa akichungulia mlangoni.

Sisi akina mama hudhani kwamba tusiposema, mtoto hatajua. Lakini husikia redioni, huona kwenye simu za wakubwa, husimuliwa shuleni. Habari anazo. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye na kumweleza.

Kwa nini kitabu cha picha?

Picha ya televisheni hupita mbio, ikamwachia mtoto hofu. Picha ya kitabuni hutulia. Mtoto anaweza kuitazama, kuifunika kwa kiganja, kurudi nyuma na kuuliza, huku ameegemea kifuani mwa mama yake. Tena yale asiyoweza kuyasema juu yake mwenyewe, huyasema juu ya mtu aliyechorwa.

Kitabu cha Mrusi Nikolai Popov kiitwacho Why?, yaani "Kwa nini?", hakina maneno ndani. Chura ameketi akinusa ua. Panya anachomoza ardhini na mwavuli wake, analitamani ua lile na kumnyang'anya. Vyura wanakuja kumsaidia mwenzao, panya nao wanaleta wenzao, hata mahali pote panateketea. Popov, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa kuwa hakuna maandishi, mama yeyote anaweza kukisimulia kwa lugha ya nyumbani kwake.

Brothers in Hope cha Mary Williams, kilichochorwa na R. Gregory Christie na kutolewa Marekani mwaka 2005, kinatuhusu kwa karibu zaidi. Kinasimulia juu ya Garang, mvulana wa Sudan ya Kusini aliyekuwa akichunga mifugo kijiji chao kiliposhambuliwa. Maelfu ya watoto kama yeye walitembea kwa miguu hadi Ethiopia katika miaka ya 1980, wakafukuzwa na vita huko mwaka 1991, na wengi wakafika Kenya mwaka 1992, kambi ya Kakuma ilipofunguliwa. Katika kitabu hiki wakubwa wanawalea wadogo njiani. Watoto wetu wanapenda sana sehemu hiyo.

Kwa wenye miaka kumi na zaidi kuna Hiroshima no Pika cha Mjapani Toshi Maruki, cha mwaka 1980. Mii, msichana wa miaka saba, anakula na wazazi wake asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 bomu linapoanguka. Siku kadhaa baadaye bado ameng'ang'ania vijiti vyake vya kulia chakula. Picha zake ni nzito. Mtoto mdogo tusimwonyeshe.

Tuanzeje?

Kwanza, tukisome kitabu wenyewe kabla ya mtoto. Kama kinatuliza sisi, tulie siku hiyo, tukisome naye siku nyingine. Tuchague saa ya mchana au jioni mapema, si wakati wa kulala.

Pili, tuulize kidogo na kusikiliza sana: "Unaona nini hapa? Unadhani chura anajisikiaje?" Mtoto akitaka kuruka ukurasa, tumwache aruke.

Tatu, tusimlazimishe mtoto aliyekimbia vita asimulie mbele ya wenzake. Katika makanisa yetu wamo watoto waliotoka Kongo, Burundi na kwingineko. Wengine wanataka kuchora tu. Tuwape karatasi na penseli. Wala tusiache darasa lilichukie kabila au taifa fulani kwa sababu ya hadithi.

Swali gumu kuliko yote ni lile alilouliza mtoto wetu wa zahanati alipofunga kitabu cha chura: "Mama, vita vitafika na kwetu?" Wengi wetu tungejibu upesi, "Haviwezi kufika kamwe." Lakini jirani yetu mkimbizi naye aliwahi kudhani hivyo. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Leo hapa kwetu hakuna vita. Likitokea jambo, mimi na baba yako tutafanya kila tuwezalo kukulinda. Na ukiogopa usiku, niamshe." Halafu wakawaombea watoto walio vitani.

Kukojoa hakukukoma siku hiyo. Usiku wa tatu mtoto alimwamsha mama yake, akamsimulia ndoto, akarudi kulala. Baada ya majuma machache shuka zilikuwa kavu. Kama ndoto mbaya, kukojoa au kuogopa kucheza vinaendelea zaidi ya mwezi, tumpeleke mtoto kwa mganga, wala tusimchape. Mtoto haadhibiwi kwa kuwa na hofu.