Mji wa Mawe na Manyani Wawili

Hadithi ya ufalme uliolaaniwa ina sura inayojulikana. Nchi imekosa, laana imeshuka, na mgeni anayeingia mjini anakuta soko lisilo na sauti na walinzi wasiopumua. Mara nyingi amesalia mtu mmoja tu mwenye uhai, na mapenzi huanzia hapo. Kwa Kiswahili, kitabu cha kuanza nacho ni *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952. Mwandishi alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Kitabu chenyewe ni chembamba, na msomaji aliyekianza baada ya magharibi anaweza kukimaliza kabla ya kulala.

Wepesi wa mwendo wake hautokani na vita. Unatokana na swali. Rai, mfalme wa Ughaibu, anamtuma mjumbe wake aende Janibu kwa habari ya kodi. Janibu inatawaliwa na Adili, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu. Usiku mjumbe anaona jambo asiloweza kulieleza: liwali huyu mpole anachukua mjeledi, anaingia chumbani, na kuwachapa manyani wawili. Akimaliza, huwapa chakula na kuwabembeleza kwa huzuni, kama mtu aliyejichapa mwenyewe. Kwa nini mwadilifu atese wanyama? Na kama anawatesa, mbona anawaonea huruma? Hakuna msomaji anayefunga kitabu hapo.

Jibu linarudi nyuma, kwenye safari ya baharini. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili. Aliyewageuza ni Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye Adili aliwahi kumwokoa. Adili anawachapa kwa amri yake, wala si kwa hiari. Majina peke yake yanatoa siri mapema. Mwenye jina la Hasidi hatatenda wema kwa muda mrefu, na Shaaban Robert hakusudii kulificha hilo. Msomaji hasubiri kujua nani atakosa, bali lini, na kwa nani. Ndiyo maana kurasa zinapita upesi, ingawa lugha ni ya zamani kidogo. Hata neno "nduguze", yaani ndugu zake, lina ladha ya wazee, japo watu bado wanasema "mkewe" na "mumewe" kila siku. Nalo jina Ughaibu si geni kwa msikilizaji wa leo, maana jamaa aliyehamia nchi za mbali husemwa yuko ughaibuni.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote ni ya Mji wa Mawe. Adili anaingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kila mmoja pale laana ilipomkuta. Ndani yake anamkuta binti mfalme, Mwelekevu, aliyesalimika. Wanakubaliana, wanaondoka pamoja, na hapo ndipo mapenzi yanapogeuka kuwa hatari. Ndugu wawili walioridhika na mali hawaridhiki kumwona ndugu yao akiwa na mwenzi wa namna hiyo. Wanamtosa Adili baharini. Kwa hiyo laana ya kwanza iliwafanya watu kuwa mawe, na ya pili, inayoletwa na wivu, inawafanya ndugu kuwa wanyama.

Kwa msomaji wa Ghuba ya Mnazi, kusini ya Mtwara, mji wa mawe si picha ya mbali. Pwani hii yote, kuanzia Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ina miji iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuachwa na watu: misikiti isiyo na paa, kuta zinazokumbatiwa na mizizi. Mikindani nako kuna kuta za zamani za mawe hayo hayo. Matumbawe yenyewe ni viumbe hai vidogo vinavyojijengea mifupa ya chokaa, na vikifa mifupa hubaki. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 na iliyoanzishwa mwaka 2000, inalinda miamba ya namna hiyo mbele ya Msimbati. Mtoto aliyewahi kutembea miambani maji yakiwa yametoka anajua jinsi kitu kilichokuwa hai kinavyoweza kuwa jiwe bila kupoteza umbo lake. Ukurasa wa Shaaban Robert unampata akiwa tayari.

Manyani nao wana historia. Hadithi inayofanana na hii imo katika *Alfu Lela Ulela*, ambako liwali wa Basra anawachapa mbwa wawili usiku, nao ni ndugu zake. Shaaban Robert alipowaleta manyani mahali pa mbwa alifanya uamuzi mzuri sana. Nyani ana mikono, anakaa kama mtu, anamtazama anayemchapa usoni, na mkulima yeyote aliyelinda mahindi dhidi yake anajua alivyo karibu na binadamu. Kipigo kinauma zaidi.

Siku hizi hadithi za majini na mapenzi zinasomwa pia kwenye simu, kwa vipande vinavyoishia na neno "itaendelea". Mbinu hiyo ya kukata pale roho inapopaa ni ile ile ya Adili, anayesimulia maisha yake mbele ya mfalme kwa sehemu. Tofauti iko katika namna laana inavyovunjwa. Hapa hakuna shujaa anayemuua jini wala busu linaloamsha mji. Rai anamwomba Huria awasamehe ndugu wawili, naye anakubali. Ngozi ya unyani inaondoka, na Adili anaweka mjeledi chini.