Kukoma hedhi si kukoma kwa mke

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, leo tumeona tuzungumzie jambo linalomfikia kila mwanamke anayejaaliwa umri, nalo ni kukoma hedhi. Wengi hulionea haya. Lakini Bibi Aisha (R.A) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, nasi hatuna budi kufuata mwendo huo.

Katika Surat At-Talaq, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amewataja wanawake waliokata tamaa ya kupata hedhi, akaijaalia eda yao ya talaka kuwa miezi mitatu. Ama eda ya kufiwa haikubadilika kwao. Ni miezi minne na siku kumi. Tuzingatie hapa: hali hii imetajwa katika Kitabu na ikapewa hukumu yake. Basi si aibu wala si laana, bali ni daraja mojawapo ya umri.

Wanachuoni wamehitilafiana juu ya umri wenyewe. Katika kauli zilizo mashuhuri, Mahambali wametaja miaka 50, Mahanafi 55 na Mashafii 62. Ibn Taymiyya yeye aliona hakuna umri maalumu, kila mwanamke ana hali yake. Madaktari nao wanasema kuwa wengi hufikia hali hii kati ya miaka 45 na 55, na kwamba huthibitika baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, pasipo mimba wala maradhi.

Mabadiliko hayo hayaji kwa siku moja. Homoni ya estrojeni hupungua mwilini, na kwa miaka kadhaa hedhi huja ovyo. Joto la ghafla hupanda kifuani na usoni, jasho hutoka usiku, usingizi hukimbia, moyo hudunda na hasira huwa karibu. Mwanamke wa namna hii akiambiwa ana jini, akapelekwa kwa mganga, hupoteza mali na wakati, na pengine huingizwa katika ushirikina. Mahali pake ni hospitali. Tiba zipo, zikiwemo dawa za homoni, ambazo daktari huzitoa baada ya kumpima, kwani hazimfai kila mtu.

Damu inayorudi

Liko jambo tunalolisisitiza kuliko yote. Mwanamke aliyekwisha kumaliza mwaka au zaidi bila hedhi huiona damu, akasema hedhi imerudi, akaacha swala na akanyamaza. Hilo ni kosa lenye hatari mbili.

Ya kwanza ni ya uhai wake. Damu hiyo, hata ikiwa tone, inataka uchunguzi wa daktari bila kuchelewa. Mara nyingi sababu huwa nyepesi, lakini pengine ni dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema huwa na matumaini makubwa ya kupona.

Ya pili ni ya ibada yake. Mafakihi wana kauli tofauti kuhusu damu hiyo kuwa ni hedhi au istihadha, na istihadha haiondoi swala wala saumu. Basi asijitolee fatwa mwenyewe. Amuulize mwanachuoni, na jibu la daktari awe nalo.

Kwa waume

Wako waume ambao wake zao wakifika hapa husema wamezeeka, wakahama chumba. Surat An-Nisaa, aya ya 19, inatuamuru tukae na wake zetu kwa wema, hata pale nafsi inapochukia. Ukavu wa sehemu za siri huweza kulifanya tendo la ndoa liwe na maumivu. Huko si kukataa. Vilainisho vinapatikana katika maduka ya dawa, na upole hauuzwi.

Kwa riwaya iliyo mashuhuri, Bibi Khadija (R.A) alifariki akiwa na miaka 65, baada ya ndoa ya miaka 25. Katika uhai wake wote Mtume (S.A.W) hakuoa mke mwingine, na baada ya kufa kwake alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama rafiki zake marehemu. Je, mapenzi hayo yalipimwa kwa hedhi?

Nanyi mama zetu na dada zetu, huu ni mlango wa neema. Ramadhani mtaifunga pasipo siku za kulipa kwa ajili ya hedhi, na swala hazitakatika. Shukuruni, na msiufiche ugonjwa kwa kuona haya.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Wallahu a'lam.