Maji ya Kuoshea Bomba la Dawa

Mkoa wa Singida una msimu mmoja tu wa mvua, tokea mwezi wa Novemba au Desemba hata Aprili. Mazao yakishika, wakulima wa pamba wa Iramba na Mkalama, pamoja na wenzao wa vitunguu, hujitwika mabomba mgongoni wakaenda kupiga dawa. Hatuwalaumu, kwani funza wa pamba hana huruma na karo ya shule haingoji. Neno letu leo ni juu ya saa ya jioni, kazi iishapo na bomba likaoshwa. Je, maji yale humwagwa wapi? Mara nyingi humwagwa pale pale yalipotekwa, ukingoni mwa kisima au lambo.

Wengi hudhani kwamba hatari yote iko shambani. Wataalamu wa Sweden walipochunguza waliona kuwa sumu nyingi iliyofika majini ilitoka mahali pa kuchanganyia dawa na kuoshea vyombo. Shambani dawa hutawanyika, lakini penye kisima humwagika mahali pamoja, siku baada ya siku.

Na sisi wa Singida tuna sababu ya kuogopa zaidi. Maji ya sehemu kubwa ya mkoa huu hayaendi baharini. Maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo kando ya mji, hayana mlango wa kutokea. Ziwa Kitangiri, linalolisha watu samaki, humwaga maji yake katika mto Sibiti, nao huishia Ziwa Eyasi, ambalo nalo limefungwa. Maji hupanda juu kwa mvuke, na yaliyochanganyika nayo hubaki chini.

Wengi wetu tumesoma chuoni, katika madhehebu ya Imam Shafi, kwamba maji mengi yaliyofika kulla mbili hayanajisiki ila yakibadilishwa na najisi rangi, ladha au harufu. Kanuni hiyo ni ya tohara, wala haikuwekwa kupimia sumu. Dawa nyingi za wadudu, zikiwa chache majini, hazionekani wala hazinuki. Basi asitoke mtu akasema, maji haya ni safi kwa kuwa ni meupe. Mtume wetu (s.a.w.) aliwakataza watu kukidhi haja katika maji yaliyotuama na penye mateko ya maji, na alikataza mtu kumdhuru mwenziwe. Sisi twaona kwamba mwenye kumwaga sumu kisimani hayuko mbali na makatazo hayo.

Watu wa Sweden walianza mwaka 1993 kutumia njia nyepesi ajabu. Huchimba shimo la kina cha kama sentimita 60, wakatandika udongo wa mfinyanzi chini ili maji yasipenye upesi. Juu yake hujaza mchanganyiko: nusu majani makavu ya nafaka, robo udongo wa shamba, na robo udongo mweusi wa mimea iliyooza katika mabwawa ya nchi za baridi. Kisha hupanda nyasi. Maji ya kuoshea bomba humwagwa humo.

Kazi hufanywa na viumbe vya Mwenyezi Mungu visivyoonekana kwa macho. Katika majani makavu huota ukungu utoao majimaji ya kuvunjia ugumu wa bua. Nguvu hiyo haichagui sana; huvunja bua, huvunja na dawa. Bakteria wa udongoni humalizia. Haya si ya siku moja, huchukua wiki hata miezi. Nchi nyingine zimetumia mabaki ya mazao yao wenyewe na mboji badala ya ule udongo mweusi, na sisi hatukosi mabua ya mtama na uwele. Penye maji mengi, kama katika mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, yamejengwa mabwawa ya matete.

Lakini shimo si mwarubaini. Shaba iliyomo katika baadhi ya dawa za ukungu haiozi. DDT nayo hukaa udongoni miaka mingi: huko Vikuge, Kibaha, ambako dawa za msaada ziliwekwa mwaka 1986, wachunguzi waliikuta ardhini muda mrefu baadaye. Kwa hiyo shimo ni la masuuzo tu, si la kumwagia dawa iliyobaki au iliyopitwa na wakati. Hiyo apelekewe habari bwana shamba, naye ataiuliza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoko Arusha.

Atakaye kujaribu aanze na bomba. Chupa ya dawa isuuzwe mara 3, na masuuzo yarudishwe bombani yakapulizwe shambani. Chupa isitiwe maji ya kunywa kamwe. Yatakayobaki ndiyo ya shimo. Nalo lichimbwe mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko, liezekwe ili mvua kubwa isilifurishe, na wakati wa kiangazi linyunyiziwe kidogo, kwani ukungu hufa ukavuni. Lizungushiwe wigo wa miiba, kuku na watoto wasichakure humo, wala mboga isipandwe juu yake.