Kilo 2 za Nini, Wakati Ndoo ni Kilo 20?

Oya masista wa Rock City, leo tuambiane ukweli. Zama jimu za mtaani, iwe Nyegezi au Buzuruga, ucheki: masela wanakomaa na chuma mpaka mishipa ya shingo inawatoka, madada wamebanwa kwenye kona na vidambeli vya kilo 2, wanapunga kama wanafukuza nzi. Muulize kocha, anakupiga fiksi ileile: "Sista, ukibeba vizito utakuwa baunsa."

Sawa. Sasa panda Mabatini au Igogo, kule nyumba zimekaa juu ya mawe. Maza anatoka bombani na ndoo ya lita 20. Hayo maji peke yake ni kilo 20, mwanangu. Anachuchumaa, anaipandisha mpaka kichwani, anaanza mlima, mguu unatafuta jiwe lisilocheza. Fimbo tupu ya Olimpiki ya wanawake ni kilo 15, ya wanaume ndo 20. Maza kashavuka hapo na ndala zake, na ubaunsa hauonekani.

Sababu ni testosteroni, homoni inayojaza misuli. Masela wanayo zaidi ya mara 10 kuliko madada. Ukipiga tizi la maana nguvu zinapanda fresh tu, ukilinganisha na ulikoanzia unaenda sambamba na mchizi yeyote, ila mwili haufumuki kama wake. Wale madada wa mashindano wenye mabega ya kutisha wamekomaa miaka na miaka, msosi wanapima kwa mizani, na wengine wanachoma dawa.

Kwa hiyo tizi ni lilelile: skwati, kunyanyua chuma toka chini, kusukuma juu, kuvuta. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apige mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi kwa wiki, awe me au ke. Kinachobadilika ni mzigo wa kuanzia, hasa wa mikono na mabega, maana huko ndiko masela wanatuacha zaidi kuliko miguuni. Chukua uzito unaoupiga mara 8 hadi 12, zile mbili za mwisho uzisikie. Ukiona unazimaliza huku unapiga stori, ongeza.

Tofauti za kweli zipo. Mabinti wanaosakata kabumbu, toka Alliance Girls mpaka wa chandimu, magoti yao yanachanika kano kirahisi kuliko ya wanaume, so nyama za nyuma ya paja na namna ya kutua ukiruka visikose kwenye ratiba. Mjamzito hakatazwi chuma, anapunguza, na anaongea kwanza na nesi wa kliniki. Siku za hedhi, tumbo likikata pumzika, lisipokata piga kazi. Halafu kuna mifupa: hedhi ikikoma ukubwani inaisha nguvu chapchap, na akiba yake inawekwa sasa hivi, kwa chuma na dagaa wa Mwaloni.

Huna mkwanja wa jimu? Madumu mawili ya lita 10 yanakuanzisha hapo uani. Ila kama umelipia, na mwezi wa tatu huu kocha bado anakupa vya kilo 2, sista, kadai mzigo wako.