Faini Isigeuke Ada

Msafiri ateremkaye kutoka Tukuyu, akapita Ipinda mpaka Matema, hukuta Ziwa Nyasa limejilaza miguuni pa Milima ya Livingstone, na mchanga wake wauonea wivu hata ndugu zetu wa Unguja. Si ajabu basi kwamba mwenye nyumba huko huona heri kumpokea mgeni wa siku mbili kuliko mpangaji wa mwaka mzima. Hatuoni ubaya katika hilo. Tunalolihoji ni namna ya kumwadhibu yule avunjaye sheria leo, akalipa faini, na kesho akarudia.

Sheria zipo. Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya 1972 yamtaka mfanyabiashara awe na leseni, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Katazo hili la pili si pambo. Mvua za Kyela hufurika, na choo kilichochimbwa karibu na maji hakimdhuru mgeni aliyekwisha panda basi kurudi Mbeya; humdhuru mama achotaye maji asubuhi. Kipindupindu kimekwisha bisha hodi Kyela zaidi ya mara moja.

Tuseme faini yalingana na mapato ya usiku mmoja. Mwenye nyumba ataihesabu pamoja na sabuni na mashuka, maana kwake hiyo si adhabu tena bali ada ya kuendelea na kosa.

Jiji la San Francisco, Marekani, lilikwisha litambua jambo hili: liliweka dola 484 kwa siku kwa mkosaji wa mara ya kwanza, na dola 968 kwa siku kwa mwenye kurudia. Miami Beach ilikwenda mbali mno. Ilianzia dola 20,000 na kupanda hadi 100,000, na mwaka 2019 mahakama ikazitangua faini hizo, kwa kuwa sheria ya jimbo la Florida ilikuwa na kikomo cha chini sana. Jiji lililotaka kutisha likabaki mikono mitupu.

Waheshimiwa madiwani na watumishi wa Halmashauri walipime hilo. Sheria ndogo haina nguvu mpaka Waziri airidhie, wala haiwezi kuruka mipaka ya sheria mama. Kwa maoni yetu, ukali wa kiasi cha fedha si muhimu kama kumbukumbu. Makosa yaandikwe kwa nyumba, si kwa jina la mtu, kwani nyumba ya kaka huweza kuwa ya mdogo wake kabla wino wa hukumu haujakauka. Kosa la kwanza liwe onyo la maandishi na muda wa kurekebisha. Mjane mwenye chumba kimoja asifilisiwe kwa kutojua. La pili liwe faini ipitayo faida. La tatu, baada ya mhusika kusikilizwa, leseni isimamishwe msimu mzima wa wageni.

Daftari la namna hiyo halihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Lahitaji karani, kalamu na kabati lenye kufuli, na laweza kufunguliwa Matema kabla wageni wa Krismasi hawajateremka.