Mganga, Shehe na Daktari: Tiba ya Akili Pwani ya Mikindani

Mikindani na pwani yote ya Mtwara, mtu mzima anayeugua akili mara nyingi hulalamikia mwili kwanza: moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto, usingizi umekata. Akianza kusema peke yake au kukimbia ovyo, watu husema amerogwa, au ana mashetani. Kauli hiyo ndiyo inayoamua apelekwe wapi.

Kwa shehe huandikiwa kombe: aya za Kurani huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huoshwa kwa marashi, na mgonjwa hunywa maji yake. Kwa mganga hupigiwa ramli, hufukizwa, au huchezewa ngoma ya pepo, ndugu na majirani wakiwapo. Tiba hizi humwachia mgonjwa nafasi yake katika jamii, nalo si jambo dogo, kwa kuwa upweke huzidisha ugonjwa.

Uchunguzi wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa, kati ya wagonjwa wa vituo vya afya, takriban 24 katika kila 100 walikuwa na sonona, wasiwasi uliokithiri au matatizo yanayofanana na hayo. Kwa waganga walikuwa 48. Karibu nusu ya waliofika kilingeni, basi, walikuwa na shida hizi.

Hatari ipo katika kuchelewa kufika hospitali. Skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, isipopewa dawa mapema huwa ngumu zaidi kutulia, na baadhi ya wagonjwa huishia kufungwa kamba. Wengine huanza dawa, wakaziacha mara wapatapo nafuu, na ugonjwa ukarudi.

Kwa miongo mingi tegemeo kubwa lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, mbali mno na Mtwara. Miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu, Morogoro na Kilimanjaro, kuifikisha tiba ya akili kwenye zahanati kwa kuwafundisha wahudumu waliokuwapo. Leo Mtwara ina Hospitali ya Ligula na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kulazwa kwa hiari na bila hiari.

Kombe na kidonge havigombani. Shehe au mganga anayejua dalili za hatari, yaani kutokula, kutolala siku nyingi, kutaka kujiua au kudhuru watu, na akampeleka mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo, huokoa maisha. Naye daktari asiyemkemea mgonjwa kwa kutoka kilingeni humfanya arudi kuchukua dawa.